Kijana anavuka Ruvuma na bunduki kwa ajili ya nini?

Wadau, ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Wapo waliolivuka kwenda vitani enzi za Frelimo, na wapo waliolivuka juzi juzi. Sababu zao ni mbingu na ardhi.

Vita vya Frelimo vilianza Septemba 25, 1964, kule Chai, Cabo Delgado. Wengi waliovuka walikuwa Wamakonde wa ng'ambo, waliomkimbia Mreno na kazi zake za shuruti, na mauaji ya Mueda ya 1960 walikuwa bado wanayo moyoni. Wakafundishwa Nachingwea, jirani na Masasi, na watu wa Kusini wakawapokea kama ndugu. Hapakuwa na haja ya kuwahubiria uzalendo. Walijua wanachopigania.

Halafu ikaja Oktoba 2017, Mocímboa da Praia ikashambuliwa. Baadhi ya vijana wa Kitanzania wakajiunga na wapiganaji wale. Oktoba 2020 wapiganaji wakavuka kuja huku, wakaua wanakijiji Kitaya, Mtwara. Kuanzia 2021 JWTZ nayo ikapeleka askari Cabo Delgado chini ya SADC. Kwa hiyo Watanzania wakawa pande zote mbili za vita moja!

Wakubwa husema vijana wamesahau tunu za taifa. Mimi sikubaliani. Tunu haziingii kichwani kwa hotuba. Haki na undugu kijana wa Newala anavipima kwenye korosho. Novemba 2018 serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba magunia, na wakulima wengi wakasubiri hela zao miezi na miezi. Kijana aliyeona baba yake akizungushwa hivyo, akijiwa na mtu mwenye mtaji mkononi, atamsikiliza nani?

Hata Mtanzania aliyefia Ukraine 2022 alitokea gerezani Urusi, akaingia vitani kwa ahadi ya kusamehewa kifungo. Naye alikuwa na shida, akatokea mtu wa kuinunua.

Simtetei muuaji wa Kitaya hata kidogo, sheria ichukue mkondo wake. Ila polisi peke yao hawatalinda mto mrefu namna ile. Mlipeni mkulima kwa wakati, kijana apate kazi Masasi na Newala. Waliovuka 1964 walikuwa na nchi ya kurudi kuijenga. Huyu wa leo tumemwekea nini cha kurudia?