Karatasi za Mtumbwi Unaovuka Ziwa

Wiki hii tunajibu ulizo lililotufikia kutoka vikundi vinavyouza mchele na mawese upande wa ziwa. Wamechoka kulipia nafasi katika mitumbwi ya watu, na sasa wamechanga kununua mtumbwi wao wenyewe wa mbao wenye injini. Wanauliza: ili mtumbwi huo uvuke mpaka Kigoma, Tanzania, tuwe na karatasi gani mkononi?

Ulizo ni zuri, na si geni kwetu. Barabara ya zamani ya misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na Kasongo mpaka hapa Nyangwe. Hata Kiswahili chetu kilikuja kwa njia hiyo. Zamani zile mtu alihitaji mtumbwi na kibali cha wenyeji, basi. Livingstone alikaa hapa miezi mwaka 1871 akitafuta mtumbwi wa kushuka Lualaba, asiupate. Leo mtumbwi unapatikana kwa pesa, lakini bila karatasi hauendi popote.

Tuanze na jina la mwenye mtumbwi, maana hapo ndipo wamama wengi wanapopotezea mali. Pesa ni ya wamama kumi na wawili, lakini siku ya kununua anatumwa mume wa mmoja wao, au shemeji, kwa sababu "yeye anajua mambo ya biro". Karatasi ya mauzo inaandikwa kwa jina lake. Siku akifariki, ndugu zake wanakuja na karatasi ile, na wamama hawana la kuonyesha ila machozi. Kumbukeni kwamba sheria imebadilika. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kutia sahihi. Mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa, na ruhusa ile ikaondolewa. Sasa mume na mke wanatakiwa kupatana. Akiwepo mtu katika biro anayemwambia mama "rudi na bwana wako," mama amjibu kwa heshima kwamba sheria ya 2016 haisemi hivyo.

Kama kikundi chenu kimetambuliwa na Serikali na kina hati yake, mtumbwi uandikwe kwa jina la kikundi. Kama bado, uandikwe kwa majina ya wamama wawili au watatu, na siku hiyohiyo muandike mapatano: nani ametoa kiasi gani, nini kitafanyika mmoja akifa au akitaka kutoka. Wote watie sahihi, na asiyejua kuandika atie kidole. Nakala moja ikae kwa mtu asiye na fungu katika mtumbwi.

Baada ya jina, zinafuata karatasi za chombo chenyewe. Ofisi ya Serikali inayosimamia vyombo vya ziwani ndiyo inayoupima mtumbwi, kuupa namba, na kutoa cheti kwamba unafaa kusafiri. Cheti hicho kina mwisho wake, kwa hiyo angalieni tarehe kabla ya kupakia. Nahodha naye awe na kibali chake. Tena kuna jambo dogo ambalo watu husahau: namba ya injini. Hakikisheni imeandikwa katika karatasi za mtumbwi au katika hati ya kununulia, na muionyeshe kwa watu wa duane wakati wa kutoka. Injini isiyo na karatasi inaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa, ng'ambo mnapofika au nyumbani mnaporudi, mkatakiwa kuilipia ushuru kama mpya.

Sasa watu. Kadi ya uchaguzi inatosha Kalemie na Baraka, lakini si hati ya kuingilia nchi nyingine. Wale waliozoea Bujumbura kwa karatasi ya CEPGL wajue kwamba jumuiya ile ni ya Kongo, Burundi na Rwanda, Tanzania haimo. Vilevile karatasi nyepesi ya COMESA kwa wafanyabiashara wadogo haiwasaidii Kigoma, kwa kuwa Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000. Ni kweli Kongo ilitia sahihi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na wengi wanasema "mpaka umefunguka". Mpaka haujafunguka kiasi hicho. Uhamiaji upo, duane ipo, na kila msafiri atagongewa muhuri. Pasipoti ndiyo hati ya uhakika. Habari ya viza na malipo yake iulizeni kabla ya safari, kwa ofisi ya DGM yenyewe, si kwa kijana wa bandarini anayejitolea "kuwasaidia".

Kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe. Chanjo huhesabika baada ya siku kumi, kwa hiyo aliyechanjwa jana asubiri. Tangu 2016 kadi hiyo ni ya maisha yote. Anayewaambia kwamba imekwisha baada ya miaka kumi na kutaka pesa kwa kadi mpya, muonyesheni tarehe ya chanjo na msimame hapo.

Anayesafiri na mtoto achukue hati ya kuzaliwa ya mtoto huyo na ruhusa iliyoandikwa na mzazi anayebaki, yenye muhuri wa Serikali. Hapa tunaomba wamama wachanga watusikilize. Hati ya kuzaliwa ni rahisi kupatikana ndani ya siku 90 za kwanza. Zikipita hizo, ni lazima kupitia mahakama, na hapo safari, pesa na siku za kupoteza ni nyingi. Usingoje mtumbwi ufike ndipo ukumbuke kwamba mtoto wa miaka minne hajaandikwa popote.

Kwenye mpaka wa Kongo, huduma zilizoruhusiwa kukaa ni nne: DGM kwa watu, duane (DGDA) kwa bidhaa, OCC kwa ubora wa bidhaa, na watu wa afya. Hizo zilitajwa katika amri ya rais ya tarehe 28 Machi 2002. Kila mama aliyesafiri anajua kwamba bandarini meza huwa nyingi kuliko nne. Hatuwaambii mkagombane na mtu mwenye bunduki. Tunawaambia mjue nne ni zipi, mpite kwanza kwa hizo, na kila mnapotoa franka muombe risiti yenye jina la huduma. Mara nyingi meza ya tano hunyamaza inapoombwa risiti. Kundi likiwa pamoja na msemaji mmoja, mambo huwa mepesi zaidi kuliko kila mmoja kujitetea peke yake.

Upande wa Kigoma msishuke ufukweni popote penye giza, hata kama nahodha anasema anajua njia. Mitumbwi ya kutoka kwetu hufika Kibirizi. Hapo mtapita kwa Uhamiaji, kwa TRA ambayo ndiyo duane yao, na kwa afya ya bandari. Mambo ya usalama wa vyombo ni ya TASAC. Elezeni tangu mwanzo kwamba mtumbwi umeingia kwa muda na utarudi, na mpewe maandishi. Faida ni kwamba lugha ni moja. Mama wa Nyangwe hahitaji mkalimani Kigoma, ingawa watamcheka kidogo akisema "duane" badala ya forodha.

Kuhusu mizigo, kila gunia liwe na mwenyewe na liandikwe. Msikubali bahasha wala kifurushi cha mtu ambaye hasafiri. Sisi tunakaa karibu na dhahabu, na kila mtu anajua kwamba kipande kidogo huingia hata ndani ya sabuni. Dhahabu haitoki Kongo bila cheti cha Serikali. Ikipatikana katika mtumbwi wenu, mwenye kifurushi hatakuwepo, na mtakaoulizwa ni ninyi wenye jina kwenye karatasi.

Tumebakiza orodha ya wasafiri, manifesti. Watu huiona kama karatasi ya kumridhisha mkubwa wa bandari, na nahodha hupenda iwe fupi ili alipe kidogo. Wamama, hiyo kwetu ndiyo ya kwanza. Desemba 2014 meli ya Mutambala ilizama katika Ziwa Tanganyika ikitoka Kalemie kwenda Uvira, na watu zaidi ya 100 wakafa. Jina la mtu likikosekana katika orodha, mama yake hana mahali pa kuanzia kuuliza: hajui kama mtoto alipanda au alibaki sokoni. Kwa hiyo andikeni kila mtu, hata mtoto mgongoni, hata kijana wa kubeba mizigo aliyepanda dakika ya mwisho. Andikeni jina, kijiji, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Mtu asiyetaka kuandikwa asipande. Jaketi za kuelea zihesabiwe zilingane na majina, na mtumbwi wenye majina mengi kuliko jaketi upunguze watu.

Orodha iandikwe mara tatu: moja ya bandari, moja ya nahodha ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji, na ya tatu ibaki nchi kavu kwa mama mmoja aliyechaguliwa na kikundi. Huyo asiende nyumbani kulala mpaka apate simu kwamba mtumbwi umefika. Karatasi za mtumbwi nazo zipigwe picha zote kwa simu mbili tofauti, na simu moja isisafiri.

Vikundi vinavyotaka mfano wa mapatano ya wenye mtumbwi, au wa orodha ya wasafiri, vitume mtu mmoja mwenye daftari siku ya mkutano wetu. Tutaandika pamoja naye mpaka aelewe kila mstari.