Chozi la Heri: Ni Nani Atakayemsikiliza Lime?

Aghalabu riwaya ya distopia huelezwa kuwa riwaya ya wakati ujao: dola la kubuni, utawala usio na huruma na binadamu aliyegeuzwa chombo. Mkondo huo si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha Dzombo angani ili aweze kuitazama jamii yake upya. Naye K. W. Wamitila, katika Bina-Adamu! (2002), alimwongoza mhusika wake ndani ya ulimwengu uliovurugwa na utandawazi. Katika safari zote mbili, hata hivyo, msafiri ni mwanamume.

Assumpta K. Matei, katika Chozi la Heri (2014), hakuhitaji chombo cha angani wala karne ijayo. Nchi yake ya kubuni, Wahafidhina, inasambaratika pale mwanamke, Mwekevu, anapoibuka mshindi wa uchaguzi. Majirani wanageukiana. Ridhaa anarejea na kukuta aila yake imeteketea. Subira anabaguliwa na wakwe kwa sababu ya asili yake, naye Selume anapoteza ndoa kwa sababu iyo hiyo. Lime na Mwanaheri, mabinti wa Kaizari, wanabakwa nyumbani kwao. Riwaya hii basi ni distopia ya wanawake: kuporomoka kwa dola kunaanza kwa kukataliwa kwa uongozi wa mwanamke na kuishia katika mwili wa mwanamke.

Msomaji wa Eldoret hawezi kujidai kuwa hiyo ni ndoto. Mnamo tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji huu, liliteketezwa likiwa limejaa watu waliokuwa wamekimbilia humo, wengi wao wakiwa wanawake na watoto. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret uligeuka kambi ya wakimbizi wa ndani. Tume ya Jaji Waki, iliyotoa ripoti yake mwezi Oktoba mwaka huo, ilihesabu vifo 1,133 kote nchini na kutenga sura nzima kwa ajili ya ukatili wa kingono. Margaret Atwood amewahi kueleza kuwa katika The Handmaid's Tale (1985) hakutia jambo ambalo halijapata kutendwa na binadamu mahali fulani. Kwa Matei, mahali hapo ni nyumbani.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo miongozo ya mtihani haikuligusa ipasavyo katika miaka ambayo riwaya hii ilitahiniwa katika KCSE, kuanzia 2018. Masaibu ya Lime na Mwanaheri tunayapata kwanza kinywani mwa Kaizari, baba aliyeshuhudia asiweze kuokoa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini uchungu wa aliyetendewa ni nani aujuaye kuliko yeye mwenyewe? Katika Shule ya Tangamano wasichana wanaketi na kusimuliana visa vyao, naye Mwanaheri anapata fursa ya kueleza yaliyomsibu mamake. Hapo ndipo riwaya inapofikia kilele cha ubora wake: kiwewe kinaanza kutibika kinapopata msikilizaji. Lime hapati baraza kama hilo. Heri inayotajwa katika anwani inamfikia zaidi Umu, anayeunganishwa tena na nduguze, Dick na Mwaliko. Jeraha la kutengana linafungwa. Jeraha la mwili linaachwa wazi.

Yamkini wapo watakaojibu kwamba kitabu cha shule hakina budi kuchunga staha, na kwamba mwandishi aliwahurumia wasomaji wake wachanga. Hoja hiyo ina uzito. Lakini staha ni namna ya kusema; haipaswi kuwa sababu ya kunyamaza. Kimya kina gharama yake. Ilichukua hadi Desemba 2020 kwa Mahakama Kuu kuamua kwamba serikali ilikiuka haki za waathiriwa wanne wa ukatili wa kingono wa 2007 na 2008, na kuagiza kila mmoja alipwe fidia ya shilingi milioni 4. Walalamishi walikuwa wanane. Takriban miaka 13 ilipita kabla ya uamuzi huo.

Matei amefungua mlango ambao watangulizi wake waliupita bila kuubisha, na kwa hilo anastahiki sifa. Wajibu uliosalia ni wa wahakiki na watunzi chipukizi, hususan wanaosomea katika eneo hili. Wahakiki waache kuihesabu riwaya hii kwa orodha ya maudhui na kuanza kuuliza ni nani anayesema, ni nani anayesemewa. Watunzi nao waandike riwaya ambamo Lime, sasa akiwa mtu mzima, anasimulia mwenyewe, bila baba wa kumsemea na bila kuharakishwa kufikia heri. Wasomaji wake hapa Eldoret wapo.