Kahawa Njema, Nyumbani na Shambani

Kahawa ya robusta ni mzaliwa wa misitu yetu ya Kongo. Mwaka 1901 miche yake ilifikishwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeiangamiza arabika. Huku kwetu Yanonge twaiuza kwa magunia, lakini nyumbani twasema, "Ni chungu mno."

Kweli, robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Hata hivyo, uchungu mwingi twauleta sisi wenyewe kwa kuiunguza na kuichemsha kupita kiasi.

Basi tufanye hivi. Buni kavu tuzikaange kwa moto mdogo, tukikoroga bila kukoma, mpaka ziwe za rangi ya hudhurungi, wala zisiwe nyeusi. Zikipoa, tutwange za siku ile tu. Gramu 60 za unga zatosha lita moja ya maji.

Nyumbani, tuutie unga katika kitambaa safi, tukimimina polepole maji yaliyotoka kuchemka.

Shambani ambako hakuna kitambaa, tuchemshe maji, tuepue sufuria, ndipo tutie unga. Tukoroge mara moja, tufunike, tungoje dakika 4. Kisha tunyunyize kijiko cha maji baridi ili masimbi yatulie chini. Tusiirudishe motoni.

Enyi wazazi, msiuze zote. Bakizeni kilo chache, ili watoto wenu wajue ladha ya kazi ya mikono yenu.