Baada ya Daktari Mgeni Kuondoka



Treni itokayo Mombasa kwenda Nairobi hupita Mtito Andei na Kibwezi, na wengi wetu huitazama nchi ile ya Makueni dirishani tukaona ukame mtupu. Kumbe huko Wote, makao ya kaunti, mwaka 2018 ilifunguliwa hospitali ya mama na mtoto yenye vitanda 200, iliyojengwa na kaunti yenyewe. Mama wa vijiji vile, au wa Kitui jirani, uchungu ukimkwamia, uhai wake hutegemea chumba cha upasuaji.

Madaktari wa ng'ambo wamekuwa wakija kusaidia tangu zamani. Mwaka 1957 Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees waliasisi huduma ya madaktari wa ndege, ambayo leo ni Amref. Wala si ajabu; elimu hii ilivuka mipaka tangu Wazungu walipokifasiri kwa Kilatini kitabu cha Az-Zahrawi wa Qurtuba.

Lakini mgeni hukaa wiki moja, akenda zake. Mshono hubaki. Ukitunga usaha siku ya kumi, ataufungua nani? Hapo ndipo ninapoupima ushirika wenyewe.

Tazameni Ifakara, Tanzania. Hospitali ya huko ilikuwa miongoni mwa nane duniani, pamoja na za Amman na London, zilizojaribu orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19. Ni karatasi moja tu. Kabla ya kisu, hutajwa kwa sauti jina la mgonjwa, mahali pa kupasuliwa, na dawa inayomdhuru. Kabla hajatolewa chumbani, vitambaa na sindano huhesabiwa. Matokeo ya mwaka 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo nane vikishuka kutoka 15 hadi 8 kwa kila wagonjwa 1,000. Aliyelazwa kwa dawa ya usingizi ni amana, hawezi kujisemea.

Basi wageni wakija Kitui au Makueni, karibu sana, ila wamfundishe mtoa dawa ya usingizi wa pale pale, na waache kipimo cha oksijeni kibanwacho kidoleni. Damu haiji na mgeni. Hiyo ni juu yetu kuitoa.

Nawe dada, jamaa yako akiandikiwa kupasuliwa na wageni, kabla ya kutia sahihi uliza jina la daktari wa hapa atakayemwona wiki ijayo, na namba yake ya simu.