Msiende Berlin Kupiga Selfi

Nimetumiwa kwa WhatsApp ratiba ya ziara ya wanafunzi wa sanaa na ubunifu wa chuo kimoja hapa Dar kwenda Berlin. Siku nne, vituo kumi na vinne. Nimeisoma mara mbili nikitafuta saa ya kuchora. Haipo. Saa ya kununua zawadi ipo.

Siku ya pili wameandika Pergamon. Jamani, Pergamon ilifungwa yote Oktoba 2023. Sehemu moja imepangiwa kufunguliwa 2027, nyingine 2037! Mchana wake wanakwenda kwenye jengo la kumbukumbu za Bauhaus, ambalo nalo lilifungwa 2018 kwa ukarabati. Aliyepanga hakufungua hata tovuti. Kanakili ratiba ya zamani ya watu wengine, basi.

Uzembe huo nausamehe. Nisichokisamehe ni Humboldt Forum kupewa dakika 45, tena pamoja na chakula cha mchana. Ndani ya jumba lile ndimo Makumbusho ya Ethnolojia inamoonyesha vitu vyake, na hazina yake ina maelfu ya vitu vilivyotoka kwetu enzi za Wajerumani, vingine vikiwa vimeporwa wakati wa Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907. Mwanafunzi wa ubunifu kutoka Tanzania anapita hapo akitafuna mkate?

Makumbusho ya historia ya asili, Invalidenstraße, hayamo kabisa. Pale pamesimama mifupa ya dinosaria ya Tendaguru, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ilichimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mamia ya vibarua, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandarini. Anayesomea kubuni viti, madaraja au majengo akae chini ya shingo ile asubuhi nzima na penseli, aone uzito unavyoshuka hadi kwenye miguu. Somo hilo hulipati kwa kupita.

Najua kuna watakaosema tusiende kabisa mpaka vitu virudi. Nawaelewa, na virudi. Ila kususa bila kujua kilichomo kabatini ni kumwachia mwenye kabati atusimulie mali yetu. Na wengine watasema Bauhaus ndiyo mama wa ubunifu wa kisasa. Sawa, waione ile Neue Nationalgalerie ya Mies van der Rohe, mkurugenzi wake wa mwisho, iliyofunguliwa 1968. Kituo kimoja kinatosha, tena wachore jinsi paa lile la chuma lilivyowekwa juu ya nguzo nane tu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu nani anakwenda. Viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa hazirudi. Weka bima ya angalau euro 30,000 na taarifa za benki za mzazi. Huo mchujo haupimi mkono wa mchoraji hata kidogo. Darasani kuna binti anayechora kuliko wote na baba yake anauza mitumba. Yeye atabaki, atatumiwa selfi za Lango la Brandenburg.

Ndiyo maana nasema kila anayepanda ndege ana deni. Arudi na michoro ishirini ya vitu vya kwetu, yenye vipimo, namba ya kila kitu na mahali kilipotolewa, ibandikwe ukutani chuoni ili waliobaki wafanye nayo kazi. Kwa vile vingi vilivyo ghalani, si kwenye maonyesho, mwalimu aandike barua kwa wasimamizi wa makusanyo miezi kadhaa kabla, aombe nafasi. Barua haina nauli. Punguzeni vituo vibaki vinne. Na mkipanga siku, Humboldt Forum hufungwa Jumanne.