Mwanariadha Asifungiwe Njia Moja

Hapa Sekenke, wilayani Iramba, ambako Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, watu wamezoea kuitafuta tunu chini ya ardhi, ilhali tunu nyingine huupanda mlima kila alfajiri, madaftari kwapani, pasina kuhema.

Dalili yangu kwamba mwanariadha hafai kufungiwa njia moja ni mkimbiaji Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Mkoa wa Mara, ambaye alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso akiwa na umri mkubwa kuliko wengi wa wanafunzi wenzake, na huko hakujifunga katika fani moja: alishindana uwanjani, akashindana ndani ya ukumbi, akashindana nyikani. Mwaka 1980 alitwaa medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia, kisha mwaka huohuo akawa bingwa wa mbio za nyika wa vyuo vya Marekani; na alipokwisha kuacha chuo, akashinda marathoni ya Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Ajabu iliyoje!

Basi yanihuzunisha, tena sana, kuona mtoto wa miaka kumi na minne akiambiwa kwamba yeye ni wa mita mia tu, au kwamba michezo yamharibia masomo. Walimu wa Iramba na wamwache ajaribu mbio zote, na halmashauri imtafutie nafasi ya chuo mapema, kabla hajamaliza kidato cha nne.