Umeme unaokula bei ya chai yetu



Sisi mafrateri wa Matwebe na vijiji jirani, kila tukienda likizo Rungwe tunakuta mazungumzo ni yaleyale: bei ya jani bichi la chai. Wazazi humlaumu mnunuzi, huilaumu barabara, huilaumu mvua. Umeme wa kiwandani haulaumiwi na mtu, ingawa ni gharama inayohesabiwa kabla kilo ya mkulima haijapewa bei.

Tuangalie kazi ya kunyausha. Jani hutandazwa, na feni kubwa hulipulizia hewa kwa saa 12 au zaidi. Siku ya mvua, nazo Tukuyu hazihesabiki, jani huja limelowa na linataka hewa nyingi. Likishakauka juu linatosheka na kidogo. Mota iliyounganishwa moja kwa moja na umeme haijui tofauti hiyo; inazunguka vilevile hadi asubuhi. Hewa ikizidi, huzibwa njia, sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja.

Kifaa cha kubadili kasi ya mota hupunguza mzunguko wenyewe. Hapo ndipo penye utamu: feni ikishushwa hadi asilimia 80 ya kasi yake, nguvu inayohitaji ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani takribani nusu. (Mashine ya kusaga mahindi haina bahati hiyo, ikiwa mzigo ni uleule muda wote, kifaa hakisaidii kitu.)

Mota nayo ichaguliwe. Ya kilowati 15 ya daraja la IE1, ikifanya kazi saa 16 kwa mzigo kamili, hula karibu uniti 10 zaidi kwa siku kuliko ya IE3. Umoja wa Ulaya umeifanya IE3 kuwa kiwango cha chini kwa mota nyingi za ukubwa huo tangu Julai 2021. Kwetu mota ikiungua husukwa upya nyaya, tena na tena, kwa kuwa ndiyo nafuu ya leo.

Wapo watakaosema frateri wa falsafa asome Aristotle, mota amwachie fundi. Lakini Papa Fransisko katika Laudato Si' ya mwaka 2015 alihimiza hata uzalishaji wa viwandani unaotumia nishati kwa ufanisi. Na Aristotle huyohuyo ndiye anayetufundisha kiasi.

Vifaa hivi ni ghali kununua, hatukatai. Ndiyo maana likizo ijayo tutawaomba wazazi waanze na swali moja tu kwenye mkutano wa wakulima: kilo moja ya chai kavu inakula uniti ngapi?